Mizani 8 za Azimio

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi mliosimama huko nyuma, hamjambo.

Leo ni habari ya sanaa inayoagizwa na serikali, na Azimio la Arusha, tamko la 1967 la siasa ya ujamaa Tanzania, ndilo mfano wetu. Tuhesabu kwanza. A-zi-mi-o-la-A-ru-sha. Mizani 8, yaani silabi 8: ukwapi mzima (nusu ya kwanza ya mshororo) wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, haupungui wala hauzidi. Mtunzi hapo hana jasho, maneno ya chama yamekuja yamejipima. Haya, jaribuni siasa yenyewe: ujamaa na kujitegemea. Ni 11, hayaingii. Basi mtunzi anabakiza "kujitegemea", mizani 6, anabandika "sasa" ili zitimie 8. Mkikuta "sasa", "kweli" au "jama" mwishoni mwa kipande, lichokonoeni. Mara nyingi ni kiraka.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipoingia urais, Nyerere aliliambia Bunge la Tanganyika kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Rumba na chachacha tumezijua, alisema, lakini gombe sugu au kiduo ni wangapi wamewahi hata kuzisikia? Akaunda wizara ya utamaduni na vijana. Hotuba hiyo haikumbana msanii. Ombi lake la 1968 lilimbana: washairi walifikishe kwa wananchi Azimio la mwaka uliotangulia. Mshairi Mathias Mnyampala akaitikia kwa ngonjera.

Ngonjera ni majibizano. Mmoja hajui au anakataa, mwenzake anamweleza, mwisho wanaafikiana. Hapo ndipo penye kasoro, na idadi ya beti haiwezi kuiponya, maana kila mmoja hupata zamu yake. Tazameni uzito wa hoja. Mkulima mwenye plau akiuliza itakuwa mali ya nani kijijini, hilo ni swali la kweli. Akijibiwa kwamba umoja ni nguvu, na ubeti unaofuata akashukuru, hakujibiwa. Watazamaji wanaona, hata wakipiga makofi. (Huku kwetu Kenya, Limuru, mwaka 1977, serikali haikuhangaika kuomba beti. Ilifuta leseni ya mchezo, Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ.)

Nyerere mwenyewe alipokaa na kalamu yake alifanya vingine. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilitoka 1963. Vina aliviacha. Na ndani yake Brutus, aliyemuua mtawala, anatoa hoja yake mbele ya umati kwa Kiswahili, kabla Antony hajafungua kinywa. Rais kijana kuchagua mchezo huo! Lakini mwaka 1969, Azimio likiwa na miaka miwili, tafsiri yake ya mchezo mwingine wa Shakespeare, ule wa mfanyabiashara wa Venisi, ilitoka ikiitwa Mabepari wa Venisi. Neno moja tu, ila mnaona kazi lililotumwa.

Walimu wa tamasha za drama, mnapoandikiwa mada ya amani, upendo na umoja (mizani 10, hayaingii pia), anzeni na mpinzani. Mwandikieni beti zake zote, na kituo chake (mshororo wa mwisho wa ubeti), kabla ya kumgusa anayemjibu. Kisha zisomeni peke yake kwa sauti. Kama hakuna darasani anayesitasita, mpinzani huyo ni wa karatasi, mrudieni.

Tufanye hivyo sasa hivi. Gaweni karatasi, ubeti wa mwenye plau kwanza.