Bajeti ya kuweka vipandikizi tunayo, ya kuvitoa iko wapi?

Asanteni, asanteni, kaeni. Mwenyekiti nashukuru, nimepewa dakika arobaini na hapa kwenye karatasi nina mambo sita, ila niseme tu mapema jambo la kwanza ndo limenileta, hayo mengine tutaona yatafika wapi.

Ninyi wote humu mnajua mkakati wa taifa wa uzazi wa mpango wenye gharama ni kitu gani, wengi mmekaa kwenye zile wekshopu za kuuandika, kwa hiyo hatua zake sizirudii. Tunahesabu wanawake wa miaka 15 mpaka 49, tunaangalia wangapi leo wanatumia njia ya kisasa, tunaweka lengo, lengo tunaligawa kwa njia, hawa sindano hawa vidonge hawa kitanzi hawa vipandikizi, vile vijiti vya kuzuia mimba vya chini ya ngozi ya mkono, tunazidisha kwa bei, tunajumlisha mafunzo na usafiri na matangazo ya redio, chini kabisa inatoka namba moja kubwa na waziri anaisoma siku ya uzinduzi watu wanapiga makofi. Sasa swali langu miaka yote hii ni hilo hilo, kwenye ile namba kubwa hela ya KUTOA kipandikizi iko ukurasa wa ngapi?

Najua kuna watu humu wameshanisikia nikiuliza hili wakachoka. Nitaendelea kuuliza.

Nilikuwa kwenye ziara ya usimamizi, kituo cha afya kimoja sitakitaja maana wale watu walikuwa wanafanya kazi kwa moyo na kosa halikuwa lao. Akaingia mama mmoja kashika mkono wake wa kushoto hapa juu, ana kadi yake kaifunga vizuri kwenye kitambaa, tarehe ya kurudi ilishapita miezi minane. Nikadhani kachelewa mwenyewe. Kumbe hii ni mara yake ya nne kuja! Mara ya kwanza nesi aliyefundishwa kutoa alikuwa semina. Mara ya pili nesi yupo, ganzi hakuna. Mara ya tatu ganzi ipo lakini hakuna koleo la kuvutia, akaambiwa aende hospitali kubwa, nauli hana. Nikamwomba nesi anifungulie kabati. Vipandikizi vipya vimepangwa mpaka juu, maboksi hayajaguswa, na vifaa vya kuwekea kila kitu kipo. Vya kutolea hakuna, na si kwamba viliisha, havijawahi kuagizwa rasmi hata mara moja kwa sababu kwenye fomu ya kuagizia mstari wake haupo, ile ganzi na hayo makoleo yanaazimwa chumba cha upasuaji mdogo siku wakikubali kuazimisha. Yule mama hakugomba wala nini, aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani siku mnaniweka hamkujua nitarudi?"

Usiku ule nilikaa na mkakati wa taifa nikaupitia kutoka jalada mpaka jalada, neno kutoa kipandikizi halimo. Kuhamasisha limo, kuwezesha limo, kuimarisha limo kila ukurasa. Kutoa halimo.

Sasa hii haikutokea kwa bahati mbaya, ina historia. Tarehe 11 Julai 2012 kule London wakubwa wa dunia walikaa wakaweka lengo la kuwafikia kwa uzazi wa mpango wanawake na wasichana milioni 120 zaidi kwenye nchi 69 maskini kuliko zote ifikapo 2020. Wakati huohuo bei ya vipandikizi ikashushwa, Jadelle kwa mfano ilikuwa kama dola 18 ikaja dola 8.50 kuanzia Januari 2013, na kwa kweli hilo lilikuwa jambo kubwa na jema sana, wanawake waliokuwa wanaisikia tu hiyo njia wakaipata. Nchi zikanunua kwa wingi, na mikakati yenye gharama ikaanza kuandikwa nchi baada ya nchi. Haya, hesabu ya darasa la tatu. Kwa maelekezo ya wakati ule kipandikizi cha Implanon kilikuwa cha miaka 3, Jadelle miaka 5. Aliyewekwa 2013 anarudi 2016 au 2018, hapo hujamhesabu anayetaka mtoto kabla ya muda, hujamhesabu ambaye hedhi imevurugika hataki tena. Siku ile ile ya kuandika idadi ya kununua, idadi ya kutoa ilikuwa tayari inajulikana na mwaka wake unajulikana! Hakuna kitu kwenye bajeti ya afya kinachotabirika kama hicho. Malaria huwezi kuitabiri hivyo, kipindupindu huwezi, hiki unakiona kinakuja miaka mitano kabla.

Tuseme mwaka wa kwanza wa mpango umeweka vipandikizi laki moja vya miaka mitatu. Mwaka wa nne una watu mpaka laki moja wa kutolewa, juu yake wapya unaotaka kuwawekea, na nesi ni yule yule mmoja na meza ni ile ile. Kuweka ni dakika chache, mtu akifundishwa vizuri anaweza. Kutoa ni mkono wenye uzoefu, na kikiwa kimezama ndani kwenye msuli unahitaji rufaa na mara nyingine altrasaundi kukitafuta. Kwa hiyo kwenye jedwali la gharama unatakiwa uwe na ganzi, glovu, kisu kidogo, koleo, plasta, muda wa nesi, mafunzo ya kutoa yenyewe siyo nusu saa ya mwisho kwenye mafunzo ya kuweka, na angalau vituo vichache vya rufaa kwa vile vigumu. Vitu vidogo hivi, ukivipiga bei havifikii hata robo ya kelele ninayoipiga hapa, ila kimoja kikikosekana mama anarudi nyumbani na kijiti chake.

Kuna mtu ataniambia, na nimeambiwa mara nyingi, sasa wewe mbona unapigia debe kutoa wakati sisi lengo letu watumie? Hapana. Lengo letu ni mtu aamue. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu, Tehran 1968, ulisema hivyo, na ule wa idadi ya watu na maendeleo, Cairo 1994, ukasema tena kwa upana zaidi, mtu ana haki ya kuamua kwa hiari yake idadi ya watoto na lini awapate. Kama naweza kuingia siwezi kutoka, hapo sikuamua, nimefungwa. Na hata kama haki haikugusi, kwamba wewe unachotaka ni asilimia zipande tu, basi sikiliza hili, mwanamke mmoja aliyezungushwa mara nne anawasimulia majirani wote, na tangazo lako la redio ulilolilipia halitamshinda jirani.

Mwingine atasema tukiweka kila kitu mpango utakuwa ghali na wafadhili watakimbia. Gharama ipo ukiiandika ipo usipoiandika ipo, tofauti ni nani anailipa. Usipoiandika anailipa yule mama kwa nauli zake nne, na anailipa nesi anayekopa ganzi chumba cha pili na kuvumilia maneno. Ni ule msemo wetu kwamba kupanga ni kuchagua, sasa ukiacha mstari wazi na wenyewe umeshachagua.

Na kuhusu wafadhili, kwa kuwa tumewataja. Mwaka 2021 Uingereza ilikata asilimia 85 ya pesa iliyokuwa imeahidi kwa mpango wa UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, wa kununua bidhaa za uzazi wa mpango, kwa tangazo moja. Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID yenyewe, shirika lake la misaada. Kuna mikakati ambayo zaidi ya nusu ya mistari yake ilikuwa imeandikwa mfadhili, mfadhili, mfadhili, na leo hiyo mistari haina mwenyewe. Mi sisemi wasisaidie, nasema ule mstari wa bidhaa serikali uushike mwenyewe hata kama unaanza na kidogo, maana semina ikiahirishwa hakuna anayepata mimba, ila sindano ya miezi mitatu ikichelewa mtu anapata. Na msinioneshe pesa iliyotengwa tafadhali, nioneshe iliyotoka na tarehe iliyotoka. Kuagiza bidhaa hizi mpaka zifike stoo ni miezi mingi, pesa ikitoka robo ya nne umeshapoteza mwaka mzima ingawa kwenye ripoti inasomeka asilimia mia.

Mwenyekiti nimeona, dakika kumi. Basi nayapitia haraka.

La pili, jina. Kila shughuli kwenye mkakati iwe na mtu, cheo cha mtu, siyo "wizara na wadau". Wadau ni nani? Ukimpigia simu mdau nani anapokea? Na hao watu wakae kila robo mwaka na lile jedwali mezani waseme hili limefanyika hili halijafanyika, la kutengeneza jedwali zuri halafu linafunguliwa tena mwaka wa tano wakati wa kuandika mkakati mpya, hapana.

La tatu, malengo. FP2020, ule mpango wa dunia uliotoka kwenye mkutano wa London, ilipofunga hesabu, nyongeza ilikuwa kama milioni 60, nusu ya ile milioni 120. Watu milioni 60 siyo mchezo na nawaheshimu sana waliofanya ile kazi. Ila wanaoandika lengo la nchi wajifunze hapo, msipandishe asilimia kwa sababu jirani kapandisha, angalieni mlipanda kwa kasi gani miaka mitano iliyopita ndo muandike. Lengo la kufurahisha linazaa gharama ya uongo, na gharama ya uongo watu wa Hazina ya serikali wanaijua wakiitazama tu, hawawapi hata ile mliyostahili.

La nne vijana, nilikuwa na mengi hapa, niseme moja, msichana ambaye hajaolewa akifika dirishani akaulizwa mume yuko wapi, hiyo haitatuliwi na bidhaa hata ujaze bohari. Wekeni pesa kwenye kuwafundisha watoa huduma na kuwafuatilia baada ya mafunzo. La tano wanaume, nalo naliruka, linataka siku yake. La sita sindano ya kujichoma mwenyewe, ile ya chini ya ngozi, mama anafundishwa anaondoka na dozi zake nyumbani, inapunguza safari na inampunguzia nesi foleni, iingizeni kwenye hesabu sasa hivi pamoja na kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika, kisanduku msikisahau kama mlivyosahau koleo.

Muda umeisha kabisa. Nilisema mambo sita na moja limekula yote, lakini mkitoka hapa kila mmoja afungue mkakati wake, mnao kwenye simu zenu, tafuteni neno kutoa kipandikizi mhesabu limetokea mara ngapi. Dada pale nyuma umenyoosha mkono tangu nianze, karibu, uliza.