Aliachishwa kazi ana miaka 39, sasa namtazama kila asubuhi

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo narekodia jikoni, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi na hata viatu sijavua. Huo mlio mnaousikia nyuma ni hita, mvumilieni tu, ndiyo inayoniweka hai.

Juzi dada mmoja kanitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, dakika sita nzima. Ni mtangazaji, ana miaka 39, kituo chake kimempunguza. Anauliza, sasa atafute kazi nyingine au arudi nyumbani akafuge kuku? Dada yangu, kuku ni biashara nzuri, siidharau. Ila ngoja kwanza nikusimulie habari za mtu ninayemtazama kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa namwandalia uji bibi ninayemtunza.

Mimi niko New Britain, jimbo la Connecticut. Mji huu una mtaa unaitwa Broad Street, watu wanauita Polandi Ndogo: soseji, mikate, mabango ya Kipolandi kila kona. Bibi yangu ni Mpolandi wa hapahapa. Asubuhi anafungulia *Morning Joe*, kipindi cha habari na mazungumzo kwenye runinga, na akitokea yule mama mwenye nywele za njano pale mezani, bibi ananyoosha kijiko: "Huyo alikuwa wetu!" Anamaanisha Mika Brzezinski.

Jina hilo lilinitesa. Nilikuwa nasema Bre-zi-zi, bibi anacheka mpaka anakohoa. Kumbe hiyo rz yao inatamkwa kama ile j ya "bonjour", ndugu zangu wa Bukavu na Bujumbura mnaijua. Halafu akaniambia brzezina ni msitu wa miti fulani yenye magome meupe. Basi jina gumu lote hilo, kumbe ni mtu wa msituni tu.

Sasa kwa nini "wetu"? Kwa sababu Mika alianza kuripoti hapa Hartford, dakika chache kwa gari kutoka kwangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa ripota wa kituo cha hapa, akahamia chaneli 3, na 1995 wakampa taarifa ya habari ya asubuhi. Bibi alikuwa anamwona kabla ya kwenda kazini. Mwaka 1997 CBS, runinga ya kitaifa, wakamchukua New York, kipindi cha usiku wa manane. Wenzangu wa zamu ya usiku mnajua hiyo kitu inavyokula mwili. Baadaye akaenda MSNBC, runinga nyingine ya habari, akarudi CBS Septemba 2001, na tarehe 11 alikuwa mtaani, mubashara, jengo la kusini la World Trade Center lilipoanguka siku ya lile shambulio la ndege.

Najua mtaniambia, "Lakini huyo ana koneksheni." Ni kweli, wala sitawadanganya. Baba yake ni Zbigniew Brzezinski, mzaliwa wa Warsaw mwaka 1928, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Carter. Ukizaliwa nyumba ile, kuna milango inayofunguka kabla hujabisha hodi. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Mwaka 2006 CBS wakamwachisha, ana miaka 39 kama dada yetu. Mtu aliyekuwa anasoma habari za wikiendi kitaifa, kimya, simu haziiti. Akazunguka kutafuta kazi miezi mingi. Mwanzoni mwa 2007 akarudi MSNBC, na unajua walimpa nini? Kusoma vichwa vya habari, vile vya nusu dakika kati ya kipindi na kipindi. Yaani kama ulikuwa mpishi mkuu wa hoteli, sasa unaitwa kuja kumenya viazi. Akamenya. Mwaka huohuo kipindi cha asubuhi cha kituo kikaondolewa, mtangazaji wa hapo, Joe Scarborough, akawa anajaribu kipindi kipya, ndiyo hiyo *Morning Joe*, akamtaka Mika mezani.

Hapo ndipo ninapompendea. Juni 2007 wamemwekea karatasi, habari ya kwanza ni Paris Hilton, yule binti tajiri wa magazeti ya udaku, katoka jela. Vita vya Iraq vinaendelea, seneta mzito wa chama cha Rais Bush ametoka kuikosoa sera ya vita, halafu tuanze na Paris Hilton? Akakataa, mubashara. Akaikunja karatasi. Akatafuta kiberiti cha gesi aichome, wenzake wakamzuia huku wanacheka. Wakamletea tena saa iliyofuata, akainuka nayo hadi kwenye mashine ya kukatakata karatasi, akaitia, krrrrr! Mtazameni uso pale, hacheki sana kama wale wanaume. Video ile ilisambaa kuliko habari yoyote aliyowahi kusoma kwa utulivu.

Na bado mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa Joe, mdogo mbali sana. Amelieleza mwenyewe kwenye kitabu alichotoa 2011: anaingia kwa bosi kuomba nyongeza, anaanza kwa kuomba radhi! Dada zangu, nani hapa hajawahi? "Samahani bosi, kama una nafasi, siyo lazima leo..." Mimi nilifanya hivyo mwezi uliopita. Nikapewa pole, senti hata moja sikuona.

Kuna kipande kingine cha Desemba 2008, baba yake mgeni kwenye kipindi. Joe anajimwaga kuhusu mashariki ya kati, mzee anamtazama tuli, anamwambia ujuzi wake ni wa juujuu hivi kwamba ni aibu kumsikiliza. Mbele ya binti! Na huyo Joe ndiye aliyekuja kumwoa Mika mwaka 2018. Mzee alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Kikao cha posa kingekuwa kizito.

Jana nilimwambia bibi kwamba kwetu Arusha, pale Tengeru, waliwahi kuishi Wapolandi karibu elfu tano, wakimbizi wa vita, walianza kufika 1942, na makaburi yao yapo hadi leo. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza mara tatu jina la mahali. Kwa hiyo nyie wa Tengeru, Usa River, hata Moshi ukiwa na safari: nipigieni video ya yale makaburi, mkisogeza simu polepole ili majina yasomeke. Bibi anataka kuyasoma mwenyewe. Na wewe dada wa ujumbe wa sauti, nitakupigia Jumapili, siku sina zamu.