Fuateni Sauti: Safari ya Neno “Pepper”

Ndugu zangu, naanza na lile lile ninalolisema kila mara: maneno mawili kufanana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Bado naletewa hoja kwamba pilipili yetu ni “pepper” ya Waingereza. Sauti zenyewe zinakataa.

Kisanskriti, lugha ya kale ya India, pippali ni pilipili ndefu, ile ya punje ndogo zilizobanana kwenye kijiti. Pilipili manga ina jina lake, maricha. Wagiriki wakalichukua pippali wakasema peperi. L imekuwa R, na wataalamu wanadhani neno lilipitia kwa Waajemi wa kale, ambao lugha yao karibu haikuwa na L. Warumi wakaandika piper. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anataja bei ya ratili moja kwa denari, sarafu ya Warumi: ndefu denari 15, nyeusi (yaani manga) denari 4. Nyeusi ikaenea, ikarithi jina la ndefu.

Hapa naomba tutulie. Wazee wa Kiingereza na Kijerumani waliwahi kugeuza P ya kale kuwa F. Ndiyo maana penye pater ya Kilatini Mwingereza ana father. Piper lingeingia kabla ya badiliko hilo, leo lingeanza na F. Haliko hivyo, basi liliingia baadaye. Lakini Wajerumani wanasema Pfeffer: P ya mwanzo imekuwa PF, ya katikati FF. Hilo ni badiliko la pili, la kuanzia karne ya 5 au ya 6 hivi, na halikuwagusa Waingereza, waliobaki na pipor katika Kiingereza cha kale. Kwa hiyo neno lilikuwa limeshaingia. Tumepata kipindi chake bila hati hata moja!

Mtu atasema: basi yetu ni ya Waarabu. Tazama P tena! Kiarabu hakina P. Wao husema filfil. Nasi F hatuikimbii: fedha, faida, fulani zilikuja na F, zikabaki nayo. Tungeipokea kwao tungesema filifili. P yetu na L zetu mbili zinaelekea pilpil ya Kiajemi, na “pepper” haina L hata moja.

Na “manga”, je? Manga ni Uarabuni. Inataja njia ya bidhaa, si nasaba ya neno.

Hizi nyekundu zinazowasha ni mmea mwingine kabisa, wa Amerika. Wazungu walizikuta baada ya 1492 wakazibandika jina la zamani, nasi vivyo hivyo. Piripiri ya Msumbiji tuiache kwenye maswali, muda umekwisha.