Karin katika kifungo cha mfalme

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie utawala wa Erik wa 14 wa Uswidi, nami nitauzungumzia, ila macho yangu yako kwa mkewe, Karin.

Erik alirithi kiti cha baba yake, Gustav Vasa, mwaka 1560. Alikuwa msomi, mpenzi wa muziki na unajimu. Alipeleka posa hadi kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, asikubaliwe. Lakini alikuwa mwepesi wa kushuku. Mwaka 1563 alimfunga Johan, ndugu yake kwa baba, katika ngome ya Gripsholm. Katarina, mke wa Johan, alichagua kufungwa pamoja naye, na mwana wao Sigismund akazaliwa humo humo. Tafadhali likumbukeni hilo.

Mei 1567, kule Uppsala, shaka ilimzidi nguvu. Aliwaua waungwana wa ukoo wa Sture waliokuwa kizuizini, mmoja akimchoma kwa mkono wake, kisha akatokomea msituni. Aliyeweza kumtuliza alikuwa Karin Månsdotter, binti wa askari wa kawaida. Julai 1568 akamwoa hadharani na kumvika taji. Wakubwa walichukizwa mno, na kabla Septemba haijaisha ndugu zake Erik walikwishamwondoa kwenye kiti cha enzi.

Sasa mfalme akawa Johan, mfungwa akawa Erik. Karin aliingia naye kifungoni, na huko akazaa watoto wengine wawili, wote wakafa wadogo. Mwaka 1573 Johan akawatenganisha. Hapa ndipo roho yangu inapouma: huyu mtu mwenyewe alikaa miaka minne gerezani akiwa na mkewe ubavuni, alijua thamani yake! Erik alifia kifungoni katika ngome ya Örbyhus mwaka 1577 bila kumwona Karin tena. Kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1958, mabaki yalikutwa na sumu ya arseniki.

Karin alipewa shamba la Liuksiala, Ufini, akaishi hadi 1612. Lakini mwanawe Gustav alikwishanyang'anywa mwaka 1575, akiwa na miaka saba, akapelekwa Poland. Walikutana tena mwaka 1596, mjini Tallinn. Mama alimtambua kwa alama za mwilini. Kiswidi kilikuwa kimemtoka kabisa kijana, na mama hakuwa na lugha nyingine ya kusema naye.