Bando Halijaisha: Simu mpya, programu kumi, na kurunzi

ZUHURA: Tayari inarekodi. Mbaraka, weka chini hizo karanga.

MBARAKA: Zimeisha. Endelea.

ZUHURA: Jumanne shangazi kaniletea simu yake mpya. Hifadhi gigi 32, RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu zilizofunguliwa, gigi 2. Ina siku tatu tu tangu inunuliwe na tayari inalia kwamba nafasi inakaribia kujaa. Nikafungua orodha ya programu, nikakuta tochi tatu.

MBARAKA: Tatu?

ZUHURA: Moja ya kawaida, moja ya rangi rangi, na moja inayowaka ukipiga makofi.

MBARAKA: Kwa hiyo umeme ukikatika anakaa gizani anapiga makofi kama yuko kwenye maulidi.

ZUHURA: Ndiyo maana leo nimekuja na orodha. Programu kumi za kuweka kwenye simu mpya ya Android yenye nafasi ndogo. Tutazipitia moja moja, kwa mpangilio, na leo hatuchepuki.

MBARAKA: Wasikilizaji huko wanacheka, dada Zu. Wanatujua.

ZUHURA: Wacha wacheke. Kwanza hesabu ya nafasi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodhani wameibiwa dukani. Umenunua gigi 32, ukiwasha unakuta zimebaki 18, pengine 20. Hujaibiwa. Mfumo wenyewe unakaa humo humo, pamoja na programu za mtengenezaji ambazo hukuziomba. Na zile zilizokuja na simu hazifutiki zote, ila nyingi unaweza kuzizima: Mipangilio, Programu, chagua unayotaka, kisha Zima. Ukiizima inaacha kufanya kazi kwa siri, inaacha kusasishwa, na masasisho yake ya zamani yanaondoka, kwa hiyo unapata nafasi kidogo.

MBARAKA: Na hizo tochi tatu, zimekujaje?

ZUHURA: Aliyemuuzia alimwekea "programu muhimu". Akamwekea na kisafisha RAM.

MBARAKA: Ngoja, tusipite haraka kwenye tochi.

ZUHURA: Mbaraka.

MBARAKA: Dakika moja tu. Tangu Android 5.0, mwaka 2014, tochi imo ndani ya simu. Unashusha pazia la juu mara mbili, unaona vitufe vya Wi-Fi, bluutuzi, hali ya ndege, na tochi. Kama huioni, gusa alama ya kalamu pale pale, tafuta tochi, ibebe kwa kidole uipandishe kwenye safu ya juu. Kazi imekwisha, hata mega moja hujatumia.

ZUHURA: Kurunzi.

MBARAKA: Nini?

ZUHURA: Inaitwa kurunzi. Tochi, tochi, kutwa nzima. Sisi Tanga ni kurunzi.

MBARAKA: Basi hiyo kurunzi yako ya Tanga. Taa inayowaka nyuma ya simu ni ya kamera. Zamani programu ilikuwa lazima iombe ruhusa ya kamera ndipo iweze kuiwasha. Kuanzia Android 6 haihitaji tena, mfumo una njia ya kuwasha taa peke yake. Kwa hiyo kurunzi ya leo ikiomba kamera, ama imeandikwa kizamani ama ina lake jambo. Ikiomba majina ya watu kwenye simu yako na mahali ulipo, hiyo siyo kurunzi tena. Mwaka 2013 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimbana mtengenezaji wa programu moja ya tochi iliyokuwa imepakuliwa mamilioni ya mara. Ilikuwa inapeleka mahali simu ilipo na utambulisho wa kifaa kwa watu wa matangazo. Mtu anatafuta kiatu chini ya kitanda, huku wanajua kitanda kiko wapi.

ZUHURA: Ya makofi ilikuwa imepewa maikrofoni.

MBARAKA: Lazima, itasikiaje makofi? Ndiyo ubaya wake, ombi lina sababu. Maikrofoni umeitoa kwa mkono wako, na wewe ulitaka mwanga tu.

ZUHURA: Na ile ya rangi iligoma kufutwa. Kitufe cha kuondoa kimefifia, hakibonyezeki. Wasikilizaji, ikiwatokea hivyo, ni kwamba programu imepewa cheo cha msimamizi wa kifaa. Nenda Mipangilio, Usalama, tafuta programu za msimamizi wa kifaa, toa tiki yake, halafu rudi uifute. Na kama matangazo yanajaza skrini nzima hata ukiwa umefungua kikokotoo, angalia ruhusa ya kuonekana juu ya programu zingine. Ingia humo uone nani kapewa. Mara nyingi utamkuta mwizi wako hapo, na mara nyingi ni kurunzi.

MBARAKA: Au kisafisha RAM.

ZUHURA: Kisafisha RAM nakichukia kuliko kurunzi. Kinaua programu zilizokaa nyuma, Android inaziamsha tena baada ya muda mfupi, na kuamsha upya kunakula betri kuliko kuiacha ilale. Halafu kinakuonyesha namba kubwa ya kijani, "umeokoa mega 600". Umeokoa nini? RAM tupu haina faida yoyote. Ukitaka kusafisha hifadhi, tumia Files ya Google. Hiyo ndiyo namba moja kwenye orodha yangu, na simu nyingi ndogo zinakuja nayo. Inakuonyesha picha zilizojirudia, mafaili makubwa, na mabaki ya kupakua.

MBARAKA: Kuna swali la msikilizaji hapa, linaingia vizuri.

ZUHURA: La nini?

MBARAKA: Anauliza kwa nini tochi ya simu yake inakataa kuwaka.

ZUHURA: Mungu wangu.

MBARAKA: Swali ni swali! Sababu ziko tatu. Betri ikishuka sana, kwenye baadhi ya simu mfumo unafungia taa ili simu isizime. Ya pili, kuna programu imeshika kamera, pengine uliacha simu ya video wazi. Funga kamera, jaribu tena. Ya tatu, simu imepata moto, hasa ukiwa unaichaji huku umewasha taa. Iache ipoe. Ikikataa baada ya hapo, izime uiwashe upya. Ikikataa tena, fundi aangalie taa yenyewe, na hapo programu ya kupakua haitakusaidia, hata iwe na rangi saba.

ZUHURA: Dakika kumi na tano zimekwenda, tuko namba moja. Namba mbili, WhatsApp. Inajulikana, nitaenda mbio. Ingia Mipangilio ya WhatsApp, Hifadhi na data, na kwenye kupakua kiotomatiki toa tiki zote za data ya simu: picha, sauti, video, nyaraka. Kwenye Wi-Fi acha picha tu. Kisha Gumzo, zima kuonekana kwa media, ili picha za "asubuhi njema" zisiingie kwenye picha za wajukuu. Kila mwezi fungua kusimamia hifadhi, kuna fungu la vitu vinavyozidi mega 5, futa hapo. Halafu weka uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu sita, na uweke barua pepe, maana ukiisahau namba bila barua pepe unaweza kusubiri siku saba.

MBARAKA: Na nakala ya akiba?

ZUHURA: Kuanzia 2024 nakala ya WhatsApp inahesabiwa kwenye gigi 15 za bure za Google, pamoja na Gmail na picha. Kwa hiyo usihifadhi video kwenye nakala. Ukijaza zile 15, hata barua pepe zinaacha kuingia. Namba tatu, pesa.

MBARAKA: Hapa sasa.

ZUHURA: Weka programu rasmi ya mtandao wako wa pesa. Itafute kwa jina la kampuni, ruka majibu ya juu yaliyoandikwa tangazo, soma jina la aliyeitengeneza kabla ya kubonyeza.

MBARAKA: Mimi nasema usiweke.

ZUHURA: Anza.

MBARAKA: Simu mpya ya mtu anayeanza, laini ya pesa isikae humo kabisa. Ikae kwenye kitochi.

ZUHURA: Umerudi kwenye tochi!

MBARAKA: Kitochi, kiswaswadu, iite utakavyo. Simu ya vitufe. Menyu ya pesa ya *150*00# au ya mtandao wowote inafanya kazi bila bando, hata pale mtandao unaposuasua. Chaji inakaa siku kadhaa. Na muhimu zaidi, hakuna anayeweza kukutumia kiungo kwenye WhatsApp kikaweka programu ndani ya kitochi. Kwenye simu janja, programu ikipewa ruhusa ya Ufikivu, ile ya kuwasaidia wenye ulemavu kutumia simu, inasoma kilichoko kwenye skrini. Inasoma hata dirisha la menyu, na namba ya siri kwenye menyu ya Android mara nyingi inaonekana wazi unapoiandika.

ZUHURA: Hapo umenisaidia. Namba inaonekana wazi kwenye menyu. Kwenye programu rasmi inafichwa kwa nukta. Kwa hiyo aliyekaa nyuma yako kwenye daladala anaisoma ya kwako, ya kwangu haisomi.

MBARAKA: Si unageuza simu.

ZUHURA: Mtu mzima wa miaka sabini ageuze simu, asogeze miwani, aandike namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 kwenye kitufe kidogo, akikosea moja aanze upya, na katikati menyu inakatika kwa sababu muda umeisha. Kwenye programu ananakili kwenye ujumbe, anabandika. Umeme, risiti inabaki, tokeni ya tarakimu 20 inabaki. Kitochi kisanduku cha ujumbe kikijaa, ujumbe wa muamala hauingii. Mtu anadhani pesa haijafika, anatuma tena.

MBARAKA: Anafuta ujumbe.

ZUHURA: Nani anafuta? Wewe ndiye utakuwa unapanda gari kwenda kufuta.

MBARAKA: Na wewe utapanda gari siku akibonyeza kiungo cha "zawadi ya sikukuu". Mwizi wa kitochi kaiba kitochi. Mwizi wa simu janja yuko mji mwingine na hujui kama umeibiwa.

ZUHURA: Mwizi wa kitochi anatoa laini, anaiweka kwenye simu yake, anaanza kupokea ujumbe wako wote wa uthibitisho.

MBARAKA: Ndiyo maana unaweka PIN ya laini. Uliza mtandao wako PIN ya awali ni ipi kabla ya kuigusa, usikisie. Ukikosea mara tatu inataka PUK, namba ya kuifungua laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa, unakwenda dukani na kitambulisho.

ZUHURA: PIN ya laini nakubali. Kila mtu aiweke, simu yoyote. Lakini hiyo haikipi kitochi ushindi.

MBARAKA: Inakipa ushindi mkubwa tu.

ZUHURA: Simu janja ikiwa na kufuli la skrini, haina programu za nje ya Play Store, na Ufikivu hauna kitu kisichojulikana, ni salama kuliko kitochi kisicho na kufuli kilichotupwa juu ya kochi.

MBARAKA: Umetaja masharti matatu. Mimi nimetaja kifaa kimoja.

ZUHURA: Chenye tochi.

MBARAKA: Yenye kitufe chake juu kabisa, haiombi maikrofoni!

ZUHURA: Sikubaliani na wewe na sitakubaliana. Shangazi nimemwekea programu.

MBARAKA: Na mimi shangazi yako nitampelekea kitochi.

ZUHURA: Mpelekee, atakipa watoto wachezee nyoka. Tumebakiza dakika ngapi?

MBARAKA: Mbili na nusu.

ZUHURA: Namba nne mpaka kumi!

MBARAKA: Chagua moja.

ZUHURA: Haya, ramani, kamusi, vitabu, hayo siyafikii. Nachukua mikopo. Programu ya mkopo inayoomba majina ya watu kwenye simu yako, ifute. Tangu katikati ya 2023 sheria za Play Store zinazikataza programu za mikopo binafsi kugusa majina na picha. Kwa hiyo ukiiona inaomba, ama imevunja sheria ama umeipata nje ya Play Store, kwenye kiungo cha kundi. Na kwa Tanzania, kabla hujaweka chochote angalia leseni ya Benki Kuu.

MBARAKA: Na simu yenyewe kabla ya programu. Piga *#06#, itakupa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Kwa Tanzania itume kwenye 15090, utajibiwa kama simu ni halisi. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama dukani, pesa ikiwa mfukoni.

ZUHURA: Hilo lilitakiwa liwe la kwanza.

MBARAKA: Wewe ndiye mwenye orodha.

ZUHURA: Orodha imeliwa na kurunzi. Wiki ijayo tunaanzia namba nne, na hakuna...

MBARAKA: Msikilizaji mwingine hapa anauliza kama kuna kurunzi ya iPhone.

ZUHURA: Zima kinasa sauti.