Jinsi ya kutengeneza atomu ya sodiamu jikoni kwa maharage, ulezi na chumvi ya Uvinza

Mwakeye jamani, karibuni tena. Leo niko jikoni hapa Gungu, Kigoma, ila migebuka ipumzike kwanza maana leo tunatengeneza atomu. Ndio, atomu, ile ile inayowanyima usingizi wadogo zetu wa kidato cha pili. Mimi enzi zangu niliikariri tu, nilikuwa nakutajia Dalton mwaka gani, Thomson mwaka gani, kama naimba vile, lakini ungeniuliza kwa nini Thomson hakubaliani na Dalton ningebaki nakutolea macho, na kumbe hiyo kwa nini ndiyo somo lenyewe. Kwahiyo leo tunajenga kila modeli, yaani kila picha ya atomu waliyoiwaza wanasayansi hao, kwa mikono yetu alafu tunaangalia ni kitu gani kiliivunja.

Andaa gololi kama ishirini, bonge la ugali wa muhogo uliopoa (wa jana ni mzuri zaidi maana umekaza), maharage mekundu, punje za mahindi meupe, ulezi kiganja kimoja, boksi uliloliachanisha likawa bapa, maka peni, vikopo vinne vya nyanya, jiwe la ukubwa wa ndimu, chumvi ya Uvinza, na vijiti viwili vya mishikaki vilivyolala kwenye maji usiku kucha. Na jiko la gesi. La mkaa au la mafuta ya taa halitufai, tukifika utaona sababu.

Hatua ya kwanza, shika gololi moja. Hiyo ndiyo atomu ya John Dalton, mwalimu wa Manchester kule Uingereza, miaka ya 1803 hadi 1808. Wagiriki akina Democritus walishasema zamani sana, zaidi ya miaka 2,000 kabla yake, kwamba ukikata kitu utafika mahali hakikatiki tena, lakini yale yalikuwa mawazo tu. Dalton alikuja na mizani. Kaboni ikiungana na oksijeni inatoa gesi mbili tofauti, na kwa kaboni ile ile, oksijeni ya gesi ya pili inakuwa mara mbili kamili ya ile ya kwanza, haiwi moja na robo wala moja na nusu. Hiyo inawezekana tu kama vitu vinaungana kwa punje, moja moja, mbili mbili. Kwahiyo atomu ni kidonge kigumu kisichogawanyika, kama hiyo gololi mkononi. Usiitupe, tutaihitaji.

Hatua ya pili, finyanga ugali uwe duara kama tonge kubwa, alafu chomeka punje za ulezi huku na huku. Hii ni ya J.J. Thomson. Mwaka 1897 kule Cambridge alipitisha umeme kwenye bomba la kioo lililonyonywa hewa, akaona miale inayotoka upande hasi inapinda kuelekea kwenye bamba chanya, maana yake ile miale ni chembe na zina chaji hasi. Kilichonifurahisha mimi ni hiki: alibadilisha metali, akabadilisha gesi, chembe zikawa zile zile! Yaani kila atomu ina hizo ndani yake. Basi gololi imepasuka, atomu inagawanyika. Ndiyo elektroni hizo, na kwa kuwa atomu nzima haina chaji, Thomson akasema zimechomekwa ndani ya kitu chanya kilichoenea kote. Ugali ni chanya, ulezi ni hasi. Tazama kwa karibu hapa, ukikata tonge kwa kisu unaona kila sehemu iko sawa, hakuna sehemu ngumu kuliko nyingine. Kumbuka hilo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na hapa unahitaji mwenzako. Yeye ageukie ukutani. Wewe simamisha vikopo kwenye kona nne, weka boksi juu kama paa, alafu ficha jiwe chini yake mahali popote. Mwite arudi, umpe gololi azisukume chini ya boksi moja baada ya nyingine kutoka upande mmoja, kwa nguvu ile ile, na haruhusiwi kuchungulia. Mpwa wangu hapa amesukuma 20. Nyingi zimetoka upande wa pili kama hakuna kitu, mbili zimekata kona, na moja, mmeiona wenyewe, imemrudia mpaka magotini! Akanyoosha kidole palepale, "jiwe liko hapa mjomba." Hajaliona ila amelijua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Manchester mwaka 1909. Hans Geiger na kijana Ernest Marsden, bado mwanafunzi, walikuwa chini ya Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand. Walirusha chembe za alfa, yaani chembe ndogo zenye chaji chanya na zinazokwenda kasi sana, kwenye karatasi ya dhahabu nyembamba mno, wakakaa gizani wanahesabu vimweko vidogo kwenye skrini kwa kutumia hadubini, kimoja kimoja. Kama atomu ingekuwa tonge la Thomson chembe zote zingepita zikipinda kidogo sana, maana ndani ya tonge hakuna kitu kigumu cha kugonga. Nyingi zilipita kweli, lakini chache, moja moja kati ya maelfu, zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akatoa jibu: uchanya wote na karibu uzito wote umerundikana mahali padogo sana katikati, kiini, na sehemu iliyobaki ni tupu.

Tupu kiasi gani? Chukua harage moja la sentimita moja uliweke katikati ya uwanja wa Lake Tanganyika pale mjini, useme hicho ndicho kiini cha sodiamu. Elektroni yake ya nje hutaipata uwanjani, toka getini utembee mpaka umefika kama robo kilomita kutoka kwenye lile harage. Huko kote katikati hamna kitu isipokuwa elektroni nyingine kumi. Mimi nililitembea hilo siku moja kwa miguu, na tangu hapo nikishika jiwe nalitazama tofauti.

Haya hatua ya nne, tunajenga sasa. Geuza boksi, chora kwa maka peni duara tatu, moja ndani ya nyingine. Katikati rundika maharage 11, hizo ni protoni, chembe chanya za kwenye kiini, na hiyo 11 ndiyo kitambulisho cha sodiamu, ukiongeza harage moja tu imeshakuwa magnesiamu. Alafu mahindi 12, nyutroni. Nyutroni zilichelewa sana kujulikana kwasababu hazina chaji, lakini watu walishashtuka kitambo, mfano heliamu ina protoni mbili ila uzito wake ni kama wa hidrojeni nne, sasa uzito mwingine umetoka wapi? James Chadwick ndiye aliyezipata mwaka 1932. Hesabu, 11 na 12 ni 23, hiyo ndiyo namba ya masi.

Sasa ulezi, punje 11. Najua kwenye kamera hazionekani vizuri ila nimeuchagua ulezi makusudi, protoni moja ina uzito wa elektroni kama 1,836 na hata huu ulezi bado ni mzito mno ukiulinganisha na harage. Mbili duara la ndani, nane la pili, moja la nje.

Kwa nini duara? Elektroni inayozunguka ilitakiwa ipoteze nguvu mpaka idondokee kwenye kiini, na atomu zote zingeshakwisha. Niels Bohr wa Denmark akasema mwaka 1913 kwamba elektroni zinakaa kwenye ngazi maalum tu, na ikishuka kutoka ngazi ya juu kuja ya chini inatoa mwanga. Na hilo tunaliona sasa hivi.

Hatua ya tano. Zima taa, washa gesi ndogo, moto uwe wa bluu. Moto wa mafuta ya taa wenyewe ni wa njano ndiyo maana nilikataa. Chovya kijiti kilicholowa kwenye chumvi, ingiza ncha kwenye moto, uso weka mbali maana chumvi ya punje kubwa inalipuka lipuka, mara ya kwanza iliniruka mkononi. Angalieni... bluu imegeuka njano iliyokolea! Hiyo ni ile punje ya ulezi iliyoko peke yake duara la nje, joto linaipandisha, inashuka, inatoa mwanga wa njano wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Weka magadi, njano ile ile, kwasababu na yenyewe ina sodiamu.

Zima gesi. Ila zile duara zako zifute kidogo kwa kidole zichafuke, kwasababu kuanzia 1926 kwa hesabu za Erwin Schrödinger elektroni haina njia kama reli, kuna wingu tu linaloonyesha wapi inaweza kupatikana zaidi. Kwa mitihani yenu duara zinatosha.

La mwisho, pembeni jenga klorini, maharage 17, mahindi 18, ulezi mbili, nane, saba. Duara lake la nje limepungukiwa moja. Chukua ile punje ya nje ya sodiamu kwa ncha ya kidole, pole pole, iweke pale kwenye klorini. Sodiamu imebaki chanya, klorini imekuwa hasi, zinavutana na haziachiani. Hiyo hapo ndiyo chumvi iliyoko kwenye kopo lako.