Mwache Yule wa Farasi: Maneno kwa Wanaoanza Magemu ya Dunia Wazi

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Maiki hii ikizingua nitapaza sauti tu, mimi nimeuza chipsi stendi, kupayuka siogopi. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmefuata zile pedi mbili za kuchezea gemu pale pembeni, hakuna shida, mtazicheza, ila mtanisikiliza kwanza.

Swali ni lile lile. Mtu kacheza FIFA kwenye vibanda tangu yuko darasa la nne, sasa kapata PS yake au kompyuta ya maana, kasikia watu wanavyoimba Skyrim, Witcher, Elden Ring, haya magemu ya dunia wazi, unazurura popote unapotaka, naye kanunua, kacheza siku mbili, kachanganyikiwa, anakuja kuuliza: nikaze au niachane nayo? Na majibu anayopewa nayajua hata mkiniamsha usingizini. Kaza mwanangu. Mvumilivu hula mbivu. Gemu inaanza kunoga ukifikisha masaa 20.

Masaa 20! Hivi mnajua masaa 20 ni kitu gani? Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, anagombania daladala, foleni, anafika kwake saa mbili usiku, aoge, ale, anabaki na saa moja na nusu ya kwake mwenyewe kabla hajalala. Masaa 20 hapo ni wiki mbili. Unamwambia ateseke wiki mbili halafu ndo inoge, chakula gani hicho cha kutafuna wiki mbili ndo upate ladha?

Na methali yenyewe siipingi, bibi yangu angenichapa. Mvumilivu hula mbivu kama kakaa chini ya mwembe. Ukikaa chini ya mkwaju unangoja embe we vumilia tu, Krismasi tutakukuta hapo hapo.

Ngoja niwape ile ya binamu yangu. Wale mlioisikia mnisamehe, hii nitaisimulia mpaka nizikwe.

Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022, yeye kaipata kama mwaka baadaye, kaishusha kwa bando la usiku siku nne, siku nne za kulala huku anachungulia asilimia. Haya, kaanza. Mnajua inavyoanza, unatoka kwenye kikanisa unakutana na dubwana lina mikono kama pweza, karibu kila mtu anakufa pale, ni kawaida. Ukizinduka uko pangoni, na pale pembeni ya shimo kuna mzimu umekaa kwenye kiti unakwambia ruka. Kule chini ya shimo ndo kuna mafunzo yote, namna ya kukinga, kunyata, kupiga kwa nguvu, kila kitu. Binamu hakuruka. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu, kaka, mimi mtoto wa Tanga, mzimu ukiniambia ruka nageuka naondoka.

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Basi kapitiliza, mlango mkubwa umefunguka, nje kijani tupu, mti wa dhahabu unawaka kule juu mbinguni, na mbele yake njiani pale pale kuna jamaa kavaa dhahabu mwili mzima, farasi wake naye kavalishwa dhahabu, anazunguka taratibu. Mlinzi wa Mti. Binamu akasema huyu ndo bosi wa kwanza, yaani adui mkubwa wa kumpita, akamfuata.

Siku ya kwanza kafa jioni nzima. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akanipigia anahema kama katoka mbio, "Kaka, leo nimemfikisha nusu!" Nikamuuliza uko leveli ya ngapi, yaani ngazi ya nguvu zako. "Ile ile niliyoanza nayo." Nikamuuliza Melina umeshakutana naye? "Melina ndo nani?"

Sasa hapo ndo nataka mnisikilize vizuri, maana nikisema hili watu wanadhani natania. Kwenye gemu ile mwanzoni huwezi kupanda leveli. Huwezi. Hata uue nini, zile runi, pointi unazopata ukiua, zinakaa tu mfukoni na ukifa zinabaki pale ulipofia, ukifa tena kabla hujazifuata zimekwenda. Wa kukupandisha leveli ni Melina, na Melina anakutokea ukishapumzika kwenye vile vituo vya neema, sehemu za kupumzikia, vya mwanzo mwanzo, yule jamaa wa dhahabu ukimpita ni mwendo wa dakika chache tu kando ya barabara. Na huyo huyo Melina ndo anakupa farasi. Kwa hiyo binamu yangu, mtu mzima, ana mke, siku tatu anapigana na mpanda farasi kwa miguu, wakati farasi wake mwenyewe yuko mbele kidogo anamsubiri!

Nikamwambia mwache, mpite pembeni, tembea mbali kidogo na barabara hata hakuoni. Kimya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo nimkimbie?"

Mnaona ugonjwa ulipo? Uvumilivu alikuwa nao wa kumwaga, hata mimi sina uvumilivu ule. Lakini mtu aliyekulia kwenye kibanda, unalipia mechi, unakaa kwenye benchi, anayekaa pembeni yako ndo unacheza naye, huwezi kumwambia samahani wewe mgumu ngoja nikatafute mnyonge kwanza nitakurudia Jumamosi. Utachekwa mpaka uhame mtaa. Mechi ikipangwa unacheza. Tumeingia na adabu hiyo kwenye magemu haya, na magemu haya hayana ratiba ya mechi, ni nchi nzima imeachwa wazi, na wewe umeng'ang'ania mtu mmoja mlangoni.

Basi akampita. Kakuta kanisa bovu lina mfanyabiashara kakaa na punda wake na moto wake, pale pale kuna fuawe ya kunolea silaha ukiwa na yale mawe, kapandisha upanga mpaka namba 3, kapata farasi, kaenda kusini kule rasi kwenye vitu vyepesi vyepesi, kaweka pointi kwenye uhai. Wiki moja na nusu sijamsikia. Saa nane usiku simu inaita, mke wangu kashtuka kakaa kitandani, nani kafa? Nikasikiliza nikamwambia, Mlinzi wa Mti. Akaniuliza, msiba uko wapi?

Eeh, chekeni.

Sasa kuna yule mjuaji, kila nikiongea haya huwa yupo, leo naona kakaa pale kwenye feni, anasema gemu nzuri ingejieleza yenyewe, ukihitaji kaka wa kukupigia simu basi imetengenezwa vibaya. Kaka, nusu nakubaliana na wewe. Kweli kuna kiburi fulani kwenye kuficha masomo chini ya shimo halafu mwalimu umweke mzimu. Lakini hujaambiwa kwa maneno tu, umeambiwa kwa kipigo! Jamaa anakuua kwa mapigo mawili, wewe unamtoa damu kama umemkwaruza na ukucha, hiyo lugha ngumu? Ungekuwa mtaani ungeelewa mara moja, ungesema huyu si saizi yangu ukavuka barabara. Kwenye gemu ndo unakuwa shujaa. Halafu hata ule mwale wa dhahabu kwenye vituo, unaoonyesha njia, unakuelekeza kwenye ngome, na kabla ya ngome kuna Margit, bosi mwingine mgumu, na Margit kazi yake ni kukurudisha ulikotoka. Mwale unasema hadithi iko huku, haujasema uende leo.

Mwingine naye: mbona iliuza nakala zaidi ya milioni 12 ndani ya mwezi wa kwanza, ikabeba gemu ya mwaka kwenye The Game Awards 2022, ina maana mbovu ni mimi? Jamani, kununua ni kununua. Hatujui wangapi wako kwa yule wa farasi mpaka sasa hivi tunavyoongea.

Saa ngapi? Aa. Nina dakika kumi. Haya tukimbie.

Morrowind, ya 2002, najua kuna mzee mmoja hapa atanichukia nisipoitaja. Hii inaua wageni kwa njia nyingine kabisa. Unashuka melini Seyda Neen, pale ofisini mezani kuna kisu, unakichukua, unatoka nje unakimbia maana kutembea kwake ni kama harusi inaingia ukumbini, unakutana na kaa. Kaa wa matopeni. Unamchoma, kisu kinapita, unakiona kwa macho kimepita ndani ya kaa, kaa mzima. Unachoma tena, hola. Mtu anasema gemu bovu, anafuta. Kumbe ndani kuna kete zinarushwa kila ukipiga, na kete zinaangalia hasa mambo mawili, unaijua silaha hiyo kiasi gani na umechoka kiasi gani. Wewe ulichagua ujuzi wa panga refu, umeshika kisu, na umekimbia mpaka ule mstari wa kijani wa pumzi umekauka. Sasa utampata wapi kaa? Simama, pumua, shika panga. Kaa kafa. Hapo hukuhitaji masaa 20, ulihitaji mtu mmoja akwambie mambo mawili.

Na ile hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unaambiwa nenda Balmora kamtafute Caius Cosades, humjui, ulizia kwenye kilabu cha South Wall, unamkuta kwake hana hata shati. Wazungu wanalalamika hili miaka yote, sisi hata hatulielewi lalamiko lenyewe, maana nyumbani kwenu unaelekezaje mgeni? Si shuka kituo cha mwembe, kata kushoto, ukikuta duka la mangi uliza? Hii gemu ni yetu kabisa, tumepishana nayo tu.

Skyrim sina shida nayo, imetoka 11 Novemba 2011, ina mishale, ukipotea umependa mwenyewe. Majitu tu yale, ukimwona mtu mrefu kama nguzo ya umeme kasimama na tembo wake, usimsogelee, akikupiga rungu moja utaiona nchi nzima kutoka juu. Utajua mwenyewe.

Witcher 3, ya 2015, hii swali lake ni lingine, hapa mtu hakwami kwa kupigwa, anakwama kwa kuchoka. Majina mengi, hadithi imeanzia kwenye vitabu, imepita magemu mawili, wewe umeingia la tatu. Ushauri wangu mfupi. Pale mwanzo White Orchard ni kijiji kidogo, kimalize. Kuna bibi pale atakuomba umtafutie kikaangio chake, kuna mtu alikiazima kwake akajifungia nacho ndani. Kikaangio! Nenda. Utakuta mle ndani maiti, na kikaangio kimesuguliwa kimetakata, kumbe masizi yake yamekwanguliwa ili itengenezwe wino, na kwa nini mtu aliyejificha anahitaji wino, hilo ukalisome mwenyewe. Kama ukitoka kwenye kile kibanda hujasikia chochote, wala hujajiuliza kitu, basi ondoka, uza, gawa, hamna ubaya, hii si ya kwako na ukiongeza masaa 80 haitakuwa ya kwako. Kama umejiuliza, endelea, ila nakuomba ukifika kwenye visiwa vya Skellige usizungukie zile alama za kuuliza za ramani kule baharini, ni mapipa, mapipa, mapipa, nimepoteza Pasaka nzima kule.

Nani mwingine aachane nayo... yule asiyependa kusoma. Na hapa kuna suala la lugha, maana hakuna hata moja kati ya hizi ina Kiswahili, mtu anaambiwa hajui gemu kumbe kinachomsumbua ni Kiingereza cha kifalme cha miaka 500 iliyopita, mimi mwenyewe nina daftari la maneno... hilo ni mhadhara mzima, tuliweke, nitaitwa siku nyingine.

Dada umenyoosha mkono? Sema kwa nguvu. Anasema yeye kalipia dola 60, roho inamuuma kuacha. Dada yangu, hiyo hela imeshaenda. Ukicheza mwezi mzima umenuna hairudi, utakuwa umelipa hela na mwezi. Ila wewe umefikia wapi? Wapi? ...Kwa nani? Wa dhahabu?

Jamani huyu dada yuko kwa yule wa farasi. Naapa sijampanga.

Njoo, ukae kwenye pedi ya kwanza, wewe ndo utaanza, wengine foleni nyuma yake, kila mtu dakika 15. Utapita mkono wa kulia, karibu na miti, usimwangalie hata usoni. Na nyie wengine mkifika kule ziwani kwa joka, kwenye magofu, kuna ngazi inashuka chini, kuna sanduku. Mtalifungua, nawajua. Likikutoa moshi likakutupa mgodini huko Caelid kwenye nchi nyekundu, hutaweza kurudi mpaka utoke mgodini kwa miguu yako mwenyewe, na dakika zako 15 zitakuwa zinahesabika, usije kuniambia nikuongeze.